Paka Asiyekuwepo

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Aliye jikoni apunguze moto kidogo. Aliye kazini aisogeze redio karibu. Leo tunamkumbuka mzee mmoja, na mzee huyu alituachia sharti.

Alimwambia mkewe, sauti ikiwa bado inatoka: "Nikishafariki, watu wa redio watakuja. Watataka kuanza na sifa. Wakatalie. Waambie waanze na paka."

Mkewe akamjibu, "Mzee, msiba wako na paka wapi na wapi?"

"Waanze na paka," akasema. "Sifa watazikuta mbele, kama zitabaki."

Basi tunaanza na paka. Alikuwa mweusi, amejikunja juu ya kiti cha jikoni, mkia umening'inia mpaka karibu na sakafu. Alichapwa kwenye mikoba ya kitambaa, ile ya kubebea vitabu na vitu vya sokoni. Wengi wenu mliinunua. Kiti kilichorwa na mtoto wa miaka tisa. Paka alichorwa na babu yake. Narudia, kwa sababu hapo ndipo penye msingi wa habari yote: kiti kilichorwa na mtoto, paka alichorwa na babu. Na mtoto hakuambiwa.

Mzee huyo watu walimwita Babu Wino. Jina hilo alipewa na vidole vyake. Alifanya kazi ya uchapaji miaka arobaini. Alichapa risiti, kadi za harusi, karatasi za mitihani, na vitabu vya mahudhurio. Wino ulimwingia kwenye kucha ukahamia kabisa. Siku ya harusi ya binti yake alinawa kwa sabuni ya unga, akanawa kwa limau, akanawa kwa mafuta ya taa. Alipompa mkono mkwe wake, wino ukasema nipo.

Kiwandani kwao kulikuwa na msemo: mchapaji hana kalamu. Maana yake, mchapaji huchapa alicholetewa. Haongezi nukta, hapunguzi nukta. Akiona kosa, anamuuliza mwenye kazi. Babu Wino alikuwa mkali kwa hilo. Safari moja aliletewa kadi ya harusi ya tarehe thelathini na moja, na mwezi wenyewe una siku thelathini. Wenzake wakasema, "Weka thelathini, nani atajua?" Akavaa kofia yake, akatembea kwa miguu mpaka upande wa pili wa mji, akagonga mlango kwa bwana harusi.

"Samahani, bwana. Unaoa lini hasa?"

Yule bwana akaangalia kadi, akacheka, akasema, "Mzee, umeniokoa. Ningekosa ukumbi."

Hadithi hii aliipenda sana. Aliisimulia miaka na miaka. Baada ya paka hakuisimulia tena.

Alipostaafu, akageuza sebule kuwa karakana. Tulifika pale wiki hii. Mezani pametandikwa blanketi kuukuu, na juu yake nailoni. Ukutani zimepangwa fremu zake. Fremu ni mbao nne zilizowambwa kitambaa chepesi cha wavu. Unalaza fremu juu ya nguo, unamwaga wino, unauvuta kwa kipande cha mpira, na picha inashuka. Kutoka dirishani hadi mlangoni kuna kamba ya kuanikia. Cherehani ya mkewe iko kwenye kona yenye mwanga. Mkewe ndiye mshonaji, na tangu hapa tutamwita Bibi, maana ndivyo anavyoitwa na mtaa mzima.

Binti yao alirudi kuishi nao akiwa na mtoto wa kike wa miaka miwili. Mtoto alikuwa mzuri kama yai, lakini hakusema. Ukimwita hageuki. Vifungo vya Bibi alivipanga sakafuni mstari mmoja mrefu, si kwa rangi wala kwa ukubwa. Bibi aliwaza wiki nzima kavipanga kwa nini. Kumbe alivipanga kwa matundu: vya matundu mawili mbele, vya matundu manne nyuma.

Majirani hawakukosa la kusema. "Huyo kadekezwa." "Huyo ni kiburi cha ukoo wa baba yake." Mmoja akasema atasema tu akipata njaa. Bibi akamjibu, "Mbona wewe umeshiba na hunyamazi?"

Mtoto alipofika miaka minne wakampeleka kliniki. Walikaa kwenye korido saa nyingi, mama, babu na mtoto. Daktari akawaambia, "Mtoto wenu ana usonji. Si ugonjwa wa kuambukiza wala si adhabu. Anaipokea dunia kwa njia yake. Msimfanyie haraka, na msimdanganye. Anashika kila kitu kama kilivyo."

Msimdanganye. Babu Wino alikuwepo. Alilisikia neno hilo kwa masikio yake mawili.

Njiani mama alilia. Mtoto hakulia. Alichukua kadi ya kliniki, akaigeuza, akachora kwa kalamu ya babu. Mstari mmoja, hakuinua mkono mpaka mwisho. Alichora kiti cha korido. Chini ya mguu mmoja wa kiti akachora kijikaratasi kilichokunjwa.

Mwezi uliofuata walirudi. Babu Wino akapiga magoti koridoni mbele za watu, akachungulia chini ya viti. Kijikaratasi kilikuwepo, kimekunjwa mara nne, kinazuia kiti kisiyumbe. Mzee akacheka mpaka muuguzi akatoka. "Babu, umepoteza kitu?"

"Hapana, mwanangu," akasema. "Nimeokota."

Tangu siku hiyo mtoto alichora viti. Viti tu, wasikilizaji. Kiti cha darasani chenye waya mguuni. Kiti cha kinyozi kilichochanika mkono. Kiti cha benki, kile baridi. Vyote vitupu, kwa sababu hakuvichora mpaka mtu aondoke. Bibi alimshonea mkoba wa kuwekea kalamu. Babu akachapa juu yake kiti cha kliniki. Jirani akauona, akataka wake. Dada wa jirani naye akataka. Hivyo ndivyo biashara ilivyoanza. Walibandika kibao mlangoni: Viti vya Mjukuu.

Kila mtu alikuwa na kazi yake. Mtoto anachora. Babu anachapa. Bibi anashona. Mama anapeleka madukani. Na mtoto alikuwa na kazi ya pili, kubwa kuliko zote. Chapa ya kwanza ya kila picha ilipelekwa kwake. Aliitazama, uso karibu na kitambaa, akafuata mstari kwa kidole. Kama iko sawa alisema neno moja: "Ndiyo." Kama haiko sawa aliiweka pembeni bila neno, na babu alianza upya. Ndipo Babu Wino alipompa jina la Bosi. "Bosi, ndiyo au siyo?" Na huyu mtoto aliyesema maneno machache kwa siku, neno la ndiyo alilisema kwa sauti safi kama kengele.

Hakuna mkoba uliotoka nyumba ile bila ndiyo ya Bosi. Isipokuwa ule wa paka.

Bosi alikuwa na miaka tisa. Alichora kiti cha jikoni kwao, kile cha buluu. Mgongo wake una mbao tatu, na mbao moja ni ya rangi nyingine, kwa sababu Babu aliipachika kutoka kwenye kreti. Hicho ndicho kiti alichokalia Bosi kila akila. Mama akaipeleka picha kwa mwanamke mwenye duka la zawadi. Babu Wino alifuatana naye siku hiyo, kubeba mzigo.

Mwenye duka akaitazama picha, akakunja uso. "Nzuri. Lakini kitupu hivi, mzee? Kama kiti cha msibani. Mtu ananunua zawadi afurahi. Muweke hata paka."

"Mchoraji ni mjukuu wangu," Babu akasema. "Yeye huchora kilichopo."

"Kwani wewe si babu yake? Paka tu, mzee. Paka ana dhambi gani?"

Mama wa mtoto aliegemea mlango. Alikuwa amechoka. Alizunguka madukani tangu asubuhi na mikoba yote ilikuwa imerudi naye. Babu Wino aliutazama mzigo ule, akamtazama binti yake alivyoegemea mlango. Wakarudi nyumbani. Kesho yake Bosi alipokwenda shule, mzee akaketi mezani, akachukua kalamu, akachora paka.

Mchapaji hana kalamu. Miaka arobaini hakuwa nayo. Siku hiyo akawa nayo.

Akachapa. Chapa ya kwanza hakumwonyesha Bosi. Hata Bibi alipouliza, "Huyu paka katokea wapi?" alijibu, "Wateja wanamtaka." Bibi akadhani Bosi amekubali. Mama akadhani Bibi amemuuliza. Kila mmoja alidhani mwenzake kauliza, na aliyejua kwamba hakuna aliyeuliza alikuwa mmoja tu.

Mikoba ikaisha ndani ya wiki. Mwenye duka akaagiza mingine, nayo ikaisha. Kisha ofisi moja yenye mkutano mkubwa ikaagiza mikoba mia nne. Mia nne, wasikilizaji! Nyumba ile haikuwahi kuona oda kama hiyo. Bibi alibadilisha mkanda wa cherehani. Mama aliimba akikata vitambaa.

Na wiki hiyohiyo Bosi akaacha kukaa.

Mwanzoni hawakuelewa. Alifika jikoni, akakitazama kiti cha buluu, akakipindua miguu juu, akachungulia chini, akakirudisha. Akapapasa mahali pa kukalia mara mbili. Pap, pap. Akasimama. Akala akiwa amesimama. Wakamletea kiti kingine. Pap, pap. Akasimama. Wakanunua cha plastiki, kipya, karatasi bado haijatoka. Pap, pap. Akasimama.

Shuleni pia alisimama. Mwalimu akamwandikia mama barua kwamba mtoto anawaziba wenzake ubao. Mama akampeleka kliniki. Wakampima miguu, wakampima mgongo, wakampiga picha ya mifupa. Hana kitu. Bibi akasema labda kuna msumari umemchoma siku moja. Akapitisha mkono kwenye viti vyote vya nyumba, mbao kwa mbao. Hakuna msumari.

Miguu ya mtoto ikaanza kuvimba.

Sasa sikilizeni hapa vizuri. Mchana mmoja Babu Wino alikuwa anatoka karakana kwenda kunawa mikono. Alipofika mlango wa jikoni akasikia sauti. Bosi alikuwa peke yake mbele ya kiti cha buluu. Alikuwa ameinama, anakiambia kiti kwa upole:

"Toka. Paka, toka. Bosi amechoka."

Mzee akashika mlango. Akaelewa yote kwa mara moja, kama fremu inavyoinuliwa na picha ikaonekana. Mtoto ameuona mkoba mahali. Baadaye walijua kwamba ulikuwa begani mwa mwalimu mgeni. Ameona kiti chake, mstari wake mwenyewe, na juu yake paka. Na Bosi alijua jambo moja kuhusu picha: kilichochorwa kipo. Kama paka yuko pichani, basi paka yuko kitini, ila yeye ndiye asiyemwona. Na mtoto mwema hamkalii paka.

Babu Wino alijua siku hiyo. Angesema hapohapo. Hatua tatu tu, ainame, aseme, "Hakuna paka, mjukuu wangu, ni babu." Lakini mezani kulikuwa na mikoba mia mbili na sitini iliyochapwa, na mia moja na arobaini inasubiri. Mama alikuwa anaimba. Akajiambia, nimalize oda kwanza. Akajiambia, mtoto atasahau. Akaenda kunawa mikono.

Alinyamaza siku kumi na tisa. Alizihesabu mwenyewe, na alituagiza tuitaje hesabu hiyo bila kuipunguza. Siku kumi na tisa mtoto alisimama, na babu alijua kwa nini.

Kila jioni, kabla ya chakula, Bosi alilazwa mkekani ili miguu ipumzike, na Babu ndiye aliyeikanda. Maji ya vuguvugu, chumvi kidogo, beseni la bati. Vidole vyake vyeusi juu ya vidole vile vidogo vilivyovimba. Binti yake akawa anamwambia, "Baba, Mungu akuweke. Wanaume wangapi wangefanya hivi?" Mzee akawa anainamisha kichwa, kama anatazama maji. Alimwambia Bibi miaka mingi baadaye kwamba sifa ile ilimwunguza kuliko tusi. Tusi angelijibu.

Siku ya kumi na tisa Bosi akiwa amesimama kula, goti lilimkatika. Hakuanguka chini. Alishika meza, sahani ikaenda, na badala ya kulia aligeuka haraka kukitazama kiti. Alitazama kama amemwagia paka chakula. Akasema, "Samahani."

Alimwomba paka samahani.

Babu Wino akaondoka mezani. Bibi alimfuata, akamkuta karakana amekaa juu ya robota la vitambaa.

"Mzee, una nini?"

"Paka ni wangu."

"Paka gani?"

"Yule. Nilimchora mimi. Bosi hajui. Anadhani yuko kitini ndiyo maana hakai."

 Bibi, wasikilizaji, yakamtoka. "Mzee mzima! Umri wote huo! Mtoto anavimba miguu na wewe unamkanda huku unajua? Na paka mwenyewe hata kuchora hujui! Mkia kama bomba la maji! Kama ulimtaka paka si ungeleta paka wa kweli ukamweka kitini, mtoto akamchora? Paka wamejaa jalalani pale, hawana kazi!"

Mzee akaanza kulia. Bibi akakaa kando yake kwenye robota. Akasema kwa sauti ya chini, "Haya. Usinililie mimi. Siyo mimi niliyesimama."

Babu Wino alirudi jikoni na karatasi na kalamu. Akapiga magoti, kichwa chake kikawa sawa na cha mtoto. Mama alikuwa anafuta sakafu, akasimama na kitambaa mkononi.

"Bosi. Hakuna paka."

Bosi hakumtazama. "Mkobani yupo."

"Mkobani yupo kwa sababu babu alimchora. Babu hakumwona paka. Babu alidanganya."

Akaweka karatasi juu ya kiti cha buluu, akachora mbele ya macho yake. Masikio. Mgongo. Mkia ule kama bomba. Akatoka paka mbaya kuliko wa kwanza. Bosi akatazama kalamu. Akatazama paka. Akainua karatasi, akatazama kiti chini yake.

"Hayupo," akasema.

"Hayupo, mjukuu wangu. Hakuwepo hata siku moja."

Bosi akaikunja ile karatasi. Akaikunja mara mbili, mara tatu, mara nne. Akainama, akaipachika chini ya mguu wa kiti, ule mfupi uliokuwa unayumba siku zote na hakuna mtu aliyeushughulikia. Akajaribu kiti kwa mkono. Hakikuyumba. Akapapasa mara mbili. Pap, pap. Akakaa.

Mama wa mtoto aliketi chini kwenye sakafu yenye maji, akalia. Alisema nini kwa baba yake siku ile hatutasema. Alituomba tusiseme. Ametwambia tu hivi: "Nilimtolea maneno ambayo mtu hamtolei mzazi. Hakunikatiza hata kwa neno moja. Nilipomaliza aliniuliza, 'Yameisha?' Nikasema hayajaisha. Akasema, 'Basi endelea.'"

Oda haikupelekwa. Babu Wino alivaa kofia yake, akaenda kwa miguu mpaka ile ofisi, akawaambia ana mikoba yenye viti vitupu, ya paka hatoi. Wakamwambia mkataba ni wa paka. Akasema, "Paka ni uongo." Wakadhani mzee ameanza kuchanganyikiwa, wakampa maji ya kunywa, wakampa oda mtu mwingine. Mikoba ile mia mbili na sitini Bibi aliitumbukiza kwenye rangi nyeusi, pipa baada ya pipa, mpaka paka akamezwa na weusi kama wake. Mama akarudi madukani kukusanya iliyouzwa. Alipata thelathini na mmoja. Mingine ilikuwa imeshasambaa mjini.

Na hiyo iliyosambaa ilimtesa mzee mpaka mwisho. Akiuona mmoja begani mwa mtu alivuka barabara kumfuata. Mara moja alimkimbilia mama mmoja sokoni, "Dada, naomba nikubadilishie mkoba," na yule mama akapiga yowe la mwizi. Watu wakajaa. Bahati nzuri muuza nyanya alimfahamu. "Mwacheni, huyo si mwizi, huyo ana wazimu wa paka."

Biashara ilirudi, polepole. Kumbe viti vitupu navyo vina wanaovipenda. Vikapendwa mbali na hapa. Waandishi wa magazeti walifika, wakampiga picha mzee amemshika Bosi bega, wakaandika "babu mwenye moyo wa dhahabu". Kila mmoja aliambiwa habari ya paka. Hakuna aliyeiandika. Mmoja alimwambia, "Mzee, hiyo itawavunja wasomaji moyo." Walimpa ngao ya heshima. Akaitundika nyuma ya mlango, mahali ambapo mlango ukifunguliwa haionekani, na mlango ule hushinda wazi.

Maana nyumbani kulikuwa na kitu alichokisikia kila siku. Bosi alikaa, ndiyo. Lakini hakukaa tena bila kupapasa. Asubuhi kabla ya chai, pap, pap. Adhuhuri, pap, pap. Kwenye gari la abiria, kanisani na msikitini alikokaribishwa na majirani, kwenye benchi la kliniki, pap, pap. Miaka tisa. Babu Wino aliweza kuwa anavuta wino, ameinama, redio inaimba, na sauti ile ikatoka jikoni. Bibi anasema mkono wake ulikuwa unasimama katikati ya fremu. Mchapaji hatakiwi kusimama katikati, wino unaacha mstari. Ukitazama kwa makini mikoba ya miaka ile, baadhi ina kijistari chepesi kinachokatiza kiti. Wateja hawakukijua ni cha nini.

Mwaka huu kifua kilimkamata. Alilala chumba cha mbele, mlango wazi, aione karakana. Bosi sasa ni binti wa miaka kumi na minane, mrefu kuliko mama yake. Alikuja kumwona kila siku saa ileile. Alileta kiti chake, akapapasa, akakaa. Siku moja mzee akamshika mkono ule unaopapasa.

"Bosi. Hakuna paka."

"Najua," Bosi akasema. "Babu alisema."

"Mbona bado unatafuta?"

Bosi alifikiri. Yeye hufikiri mpaka jibu liive, na wote pale nyumbani wamejifunza kungoja.

"Mimi najua," akasema. "Mkono haujui."

Mzee akaugeuza ule mkono, akautazama kiganja kama anasoma chapa ya kwanza. Akasema, "Uambie babu anauomba radhi." Bosi aliutazama mkono wake naye. Hakusema ndiyo. Hakusema siyo. Na Babu Wino, anavyosimulia Bibi, hakumsukuma. Alisema, "Sawa, Bosi. Mwenye kazi ni wewe."

Alifariki wiki iliyopita, asubuhi, akiwa na miaka sabini na minane. Ameacha mke, binti, na mjukuu.

Kuna jambo moja limebaki, nalo tumeliona kwa macho. Siku ya tatu baada ya mazishi tulikuwa pale karakana. Kiti cha Babu Wino, kile cha mbao chenye mto wa kitambaa cha jinzi, kiko mbele ya meza. Hakuna aliyethubutu kukikalia. Bosi alikuwa anakichora. Mstari mmoja, bila kuinua kalamu. Bibi akamsogelea, akamwambia, "Mjukuu wangu, mwekee babu kofia yake pale juu. Nipate cha kumkumbuka."

Bosi akasimamisha kalamu. "Haipo."

Mama wa mtoto akamtazama Bibi.  Na Bibi, wasikilizaji, hakubishana. Alikwenda kwenye msumari nyuma ya mlango, pale kwenye ile ngao, akaiangua kofia. Ni ile aliyovaa kwenda kwa bwana harusi, na kwenda ofisini kuukataa uongo wake. Akaileta, akaiweka juu ya kiti, akarudi nyuma.

Bosi akaweka kalamu chini. Akainama. Akapapasa. Pap. Mkono ukagusa mto. Pap. Mkono ukagusa kofia.

Ukatulia pale.

Miaka tisa mkono ule umekuwa ukitafuta kitu kwenye viti vya watu. Ukaizunguka kofia taratibu, ukingo wote, mpaka ulipoanzia.

"Ipo," Bosi akasema. Akachukua kalamu, akaichora.

Wasikilizaji wapendwa, kwako Bibi, uliyekaa naye kwenye robota siku ile badala ya kumwacha peke yake, pole sana. Kwako binti, uliyekanyaga kila duka la mji huu mara mbili, mara moja kuuza na mara moja kuomba urudishiwe, pole. Kwako Bosi, hatujui neno lako la msiba ni lipi, nasi hatutakuchagulia. Pole, kwa namna unayoipokea.

Nasi tuliobaki tujiulize kwa uaminifu. Kuna mtu nyumbani ambaye kwa mapenzi, au kwa shida, au kwa haraka, tumemchorea kitu asichokiona. Na labda tumelijua hilo siku kumi na tisa sasa, tunamkanda miguu tu.

Bibi ametuomba tutoe tangazo moja. Kama una ule mkoba wenye paka, usiutupe. Mzee aliutafuta miaka tisa. Upeleke pale nyumbani, mlango hushinda wazi. Utapewa mwingine mpya, wenye kiti kile cha buluu, mbao mbili za rangi moja na moja ya rangi nyingine, na chini ya mguu mfupi kijikaratasi kilichokunjwa mara nne.